RWD au AWD kwenye barafu? Mimi nilipeleka posa Oberon na ute ya rear-wheel

Wakuu, heshima zenu. Nimekaa gereji kwangu hapa Ingleburn, Sydney, chai mkononi, baridi ya asubuhi bado haijaondoka. Nimesoma uzi wa yule ndugu anayeuliza anunue gari ya rear-wheel au all-wheel kwa ajili ya winter. Majibu mengi ni ya watu ambao barafu wameiona kwenye friji tu.

Mimi naandika nilichokiona kwa macho na kukishika kwa mikono hii. Asiyeamini aje, ute bado ipo na mkwaruzo wake nitamwonyesha.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa Makete, darasa la saba, basi. Sydney nilianza kwa kubeba maboksi kwenye ghala la mtu. Leo nina kampuni yangu ya kuhamisha watu vyombo, kuanzia Macquarie Fields mpaka Kensington, na nina watu wananiita boss. Kuendesha nilijifunzia kwenye matope ya kwetu wakati wa masika, ambako ukikanyaga mafuta kijinga unalala porini.

Kwa hiyo kwenye magari msinifundishe.

Sasa kisa chenyewe.

Mpwa wangu Baraka, mtoto wa dada yangu, alikuja kusoma hapa. Akapendana na binti wa Kikenya, nesi, anaitwa Wanjiru. Wazazi wa binti wanaishi Oberon, juu huko nyuma ya Blue Mountains, sehemu ambayo winter theluji inashuka kweli.

Baba wa binti, Mzee Njoroge, alikuwa na swali moja tu.

"Kijana sina shida na yeye. Lakini watu wake wako wapi? Mimi sipeani msichana kwa mtu hana watu."

Na Baraka hapa Australia ana mimi, mke wangu, na binti yetu Neema. Hatujai hata meza moja. Mbaya zaidi, mara ya kwanza tulipopanga kwenda, kazi ilinibana tukaahirisha. Mzee akatuma neno: mkiahirisha tena, msisumbuke tena.

Baraka alikonda, wakuu. Mtu anashika simu kama ameshika kaa la moto.

Siku ikafika, utabiri ukasema theluji Oberon. Kuahirisha hakuna. Ndipo likaja swali la huyu ndugu: twende na gari gani?

Mke wangu, Mama Neema, ana SUV yake ndogo, AWD, inasukumwa na matairi yote manne. Mimi nina ute, rear-wheel. Kwa wasiojua, ute ni hizi pikapu za hapa, na sio kila ute ni four-wheel. Yangu inasukumwa na matairi ya nyuma tu, na nyuma ikiwa tupu ni nyepesi kama sahani ya plastiki.

"Baba Neema, twende wote na yangu," mke wangu akasema. "Hiyo yako ikiona maji tu inakata mauno."

"Na mzigo?"

"Tutabana."

"Magunia ya mchele utayabana wapi, kwenye mkoba?"

Neema Kiswahili anakisikia chote ila mdomo wake ni Kizungu. "Dad, just take Mum's car. It's literally made for this."

Nikawaambia mimi ndiye mshenga, na mshenga haingii kwa watu amekunja magoti siti ya nyuma kama mtoto wa shule. Wao waende na SUV. Mimi na Baraka na mzigo, ute.

Tena mzigo huo huo ndio ulikuwa hesabu yangu. Kwa desturi ya wenzetu Wakikuyu, siku ya kwenda kujua nyumbani hamwendi mikono mitupu. Kulikuwa na mchele, unga, sukari, madumu ya mafuta, kreti za soda na blanketi la mama mkwe. Nikaupanga wote juu ya ekseli ya nyuma, nikakaza mikanda. Uzito ukikaa juu ya matairi yanayosukuma, matairi yanauma barabara. Na yalikuwa mapya, sio vipara.

Minyororo ya kufunga kwenye matairi sikuchukua. Nilisema hiyo ni ya watalii.

Tukapita Lithgow, tukaanza kupanda. Theluji ikaanza. Mama Neema mbele anapanda kama mbuzi. Mimi nyuma yake gia ya chini, mguu laini, ute imetulia. Baraka amevaa suti yake mpya, anashika dashboard kwa mikono yote miwili.

"Mjomba, tutafika?"

"Kaa vizuri, usinikunjie suti."

Njiani tuliikuta AWD ya mtu imeingia mtaroni, mwenyewe amesimama pembeni anaitazama. Hapa nisimame kidogo, maana ndipo wengi mnapodanganyana. AWD inakusaidia kuondoka. Kusimama haikusaidii, breki ni breki za gari lolote. Hata mke wangu kwenye mteremko alikanyaga breki ghafla, SUV ikateleza mpaka karibu na ukingo. Mimi niliacha injini ishike gari, nikashuka taratibu kama bwana harusi.

Tukafika. Hapo nilikuwa najisikia, siwafichi.

Kwa Mzee Njoroge, kutoka geti mpaka mlangoni ni mpando, na miti ya misonobari imeziba jua, kwa hiyo driveway ilikuwa barafu tupu. Mashangazi wamesimama getini na makoti juu ya vitenge, wanaimba, geti limefungwa.

Kiongozi wao, Shangazi Wambui, akatuangalia juu mpaka chini. "Nyinyi ni akina nani na mnataka nini?"

"Tumekuja kujua nyumbani."

"Na mmekuja kutuangalia tu?"

Nikafungua nyuma ya ute. Vigelegele, wakuu! Desturi ni kwamba mzigo unapokelewa pale pale getini. Nilishusha gunia baada ya gunia kwa mikono yangu, mtu wa kuhamisha vyombo nimepata jukwaa langu. Wamama wakabeba wakipitia kwenye majani pembeni, nyimbo juu.

Geti likafunguliwa. Mama Neema akapanda na SUV yake mpaka mlangoni, kimya, kama anapanda lifti.

Zamu yangu. Nikaweka gia, nikaachia klachi.

Matairi yakazunguka pale pale bila kushika kitu. Ute ikageuka ubavu, mkia ukagonga nguzo ya geti, nikabaki nimeziba njia ya watu kama kizuizi cha polisi.

Nikaelewa pale pale. Uzito wangu wote nilikuwa nimeukabidhi kwa wakwe.

Nikashuka na heshima zangu. "Mashangazi, nawaomba magunia mawili tu, niyaweke nyuma mara moja nipande, nitawarudishia."

"Ngai! Zawadi ikishaingia, imeingia!" Shangazi Wambui akakalia gunia la mchele kabisa. "Kwani umekuja kuposa ama kuhamisha?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, hali imekuwa ngumu. Baraka akaenda kusukuma na viatu vyake vya soli laini, akapiga goti kwenye barafu. Suti ikalowa.

Ndipo shangazi mwingine, mnene, mwenye kofia ya sufu, akasema taratibu lakini wote tukasikia: "Mimi naona hii ni ishara. Mara ya kwanza hawakukuja. Leo wamekuja, gari imekataa kuingia."

Nyimbo zikakatika.

Wanjiru alikuwa barazani. Nilimwona anaweka mkono mdomoni. Baraka hakunyanyuka pale chini haraka. Mimi nimehamisha watu wanaoachana, naujua uso wa mtu anayeona nyumba yake inaondoka. Ule ndio niliuona.

Mzee Njoroge akashuka kutoka barazani, ana gumboots, anatembea polepole. Akaizunguka ute. Akalipiga teke tairi la nyuma.

"Rear-wheel?"

"Rear-wheel, mzee."

"Na nyuma iko empty."

"Tupu kabisa."

Akaangalia mlima wake, akaniangalia mimi. "Sisi kule Nyandarua, pickup ya maziwa ikikwama kwa matope, tulikuwa tunafanya aje?"

Jibu nilikuwa nalijua, hata Makete ni hivyo hivyo, ila nani amwambie baba mkwe?

Yeye mwenyewe akashika ubao wa ute, akapanda nyuma. Akakaa juu ya ekseli kama amekaa kanisani.

"Wambui, kuja. Na wewe wa ishara, wewe ndio uko na kilo, panda wa kwanza."

"Mimi? Na hii nguo?"

"Panda! Barafu haiangalii nguo."

Wakapanda, wakuu. Mashangazi, wajomba, majirani waliokuja kula pilau. Ute ikakaa chini, springi zikalia. (Ilikuwa ndani ya uwanja wa mtu, sio barabarani, msinichongee.) Nikaweka gia ya pili, mguu laini, nikaachia klachi kidogo kidogo.

Matairi yakauma.

Tulipanda mwendo wa konokono, nyimbo zimerudi, Baraka anatembea pembeni ameshika mlango kama anamsindikiza rais. Nikasimama mlangoni, nyuma ya SUV ya mke wangu. Mama Neema ananitazama tu, amekunja mikono.

Mzee akashuka, akapangusa theluji kwenye suruali. Akamgeukia Baraka.

"Mimi nimekuwa nikiuliza watu wako wako wapi." Akaonyesha nyuma ya ute, mashangazi bado wanasaidiana kushuka. "Si ndio hao. Ingia ndani, ubadilishe hiyo suruali, tuongee."

Na tuliongea. Yule wa ishara ndiye aliyenipakulia nyama, akanipa paja.

Sasa majibu kwa ndugu mwenye swali. Kama unakaa Sydney na theluji unaifuata mara moja moja, usiuze rear-wheel yako kwa sababu ya maneno ya mtandaoni. Weka matairi mazuri, weka uzito juu ya ekseli ya nyuma, kanyaga kwa adabu. Kama unaishi juu huko, au unabeba wagonjwa na watoto kila siku, nunua AWD na usijivune nayo kwenye mteremko. Vyovyote vile, beba minyororo. Mimi sasa ninayo, na bado nasema ni ya watalii.

Na uzito wako usiukabidhi kabla hujafika mlangoni.

Waliowahi kukwama mbele ya wakwe, iwe matope au barafu, leteni visa vyenu hapa chini, na wa AWD njooni mjitetee. Mimi kila winter naweka mifuko ya mchanga nyuma ya ute. Ila wakwe wa Baraka wakija Ingleburn, Mzee Njoroge huchungulia nyuma kwanza, halafu ananiuliza nani amekalia nafasi yake.