Magoti ya Dorotea

Dorotea alikuwa amechoshwa na watu wanaoyajua magoti yake kuliko yeye mwenyewe. Jirani alisema ni baridi ya ziwa. Muuza dawa pale kivukoni Kamanga alimuuzia mafuta yaliyomuunguza ngozi, maumivu yakabaki palepale. Daktari peke yake ndiye aliyemweleza akaelewa: umri, na miaka thelathini ya kuchuchumaa akianika dagaa, vimekula ule utando laini ulio kati ya mifupa ya goti. Sasa mfupa unasaga mfupa. Atembee taratibu, apunguze kuchuchumaa, na kupiga magoti aache kabisa.

Aache kabisa! Rahisi kusema kama mama mkwe wako si Bibi Mhoja.

Bibi alifika Jumatatu kutoka Magu, kwa ajili ya sendofu, sherehe ya kumuaga mjukuu wake Winnie, binti wa Dorotea, kabla ya harusi. Dorotea alimpokea mlangoni, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama." Bibi alimtazama miguuni, akasubiri, kisha akapita bila kuitikia. Hadi Alhamisi alikuwa hajaitikia hata mara moja. Nkwabi, mwanawe, alipomsomea karatasi ya hospitali, Bibi alimkatiza.

"Mimi nina miaka themanini na kanisani napiga magoti. Mkwe asiyenipigia magoti, ukumbini kwake sikanyagi."

Winnie alilia. Nkwabi akamvuta mkewe pembeni: "Si upige mara moja tu, yaishe?"

Dorotea alitamani kumrushia sufuria. Goti limevimba, kushuka kitandani tu ni shughuli, na mume anayelala naye kila siku anadhani ni maringo!

Ijumaa asubuhi wengine walikwenda kupamba ukumbi. Dorotea akiwa jikoni alisikia ungo ukianguka. Alimkuta Bibi mkekani, mchele umemwagika, mkono mmoja ukutani. Anainuka nusu, anarudi chini.

"Tangu lini, mama?"

"Mwaka juzi," Bibi alisema bila kumtazama. "Kanisani nakaa ukingoni mwa benchi, nainama mbele. Usimwambie mtu."

Siku tano! Siku tano za kununiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe! Dorotea alimshika Bibi kwapani, akavuta. Goti likagoma, wote wawili wakaenda chini, na magoti ya Dorotea yakatua sakafuni. Machozi yakamtoka.

Wakabaki wanatazamana, hakuna wa kumwinua mwenzake.

"Shikamoo, mama," Dorotea alisema, amekaza meno.

"Marahaba, mwanangu." Bibi alimfuta machozi kwa ncha ya kanga. "Kesho ukumbini unisalimie umesimama. Nitaitikia kwa sauti, kila mtu asikie."

Bibi alijaribu tena kuinuka, akarudi chini.

"Haya, mpigie simu Nkwabi aje atuinue."

"Simu iko jikoni, mama."