Namba Nyekundu za Phelister

"Umeikwangua namba yangu, Mama Jafar. Hiyo ni kazi ya shule."

Rukiah, muuza mandazi wa chumba cha saba, hakuinua hata macho kutoka kwenye karai. Alijibu kwamba mtu wa miaka arobaini na mbili hana shule, na kama anayo, aende akachafue milango ya huko shuleni.

Shule Phelister, mama yake Byron, alikuwa nayo kweli: shahada ya uzamili ya sanaa, chuo cha ng'ambo, masomo yakimfikia kwenye kompyuta ya kukodi kule Mengo. Mchana alichora mabango ya saluni na bucha hapo Makindye. Mwalimu, ambaye hajamwona hata sura, alikuwa amemwandikia kwamba kazi ya mwisho isikae kwenye karatasi, ikae mahali watu wanapoishi. Basi akaitia namba milango yote thelathini ya ua wao, ili ampige picha kila mpangaji mbele ya namba yake. Picha zote zifike Ijumaa, la sivyo miaka mitatu imekwenda bure.

Kosa lake lilikuwa rangi. Alitumia nyekundu iliyobaki kwenye bango la bucha, na Kampala hii nani asiyejua maana ya nyekundu mlangoni? Nyumba inavunjwa.

Chumba cha tatu kilihama Jumatatu, godoro kichwani, bila kuaga. Cha kumi na mbili Jumanne. Phelister akapita akieleza mlango kwa mlango, na kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kumwogopa, maana mradi, picha, namba, hayo ndiyo maneno wanayokuja nayo wavunjaji.

Jumatano akaingia mwanamume mwenye koti la ngozi na daftari. Hakusalimia mtu. Alitembea taratibu akisoma milango, kumi na nne, kumi na tano, akiandika. Phelister akamuuliza anatafuta nani.

"Simtafuti mtu, nyabo, mama yangu. Aliyeweka namba hizi ametusaidia sana. Mwenye kiwanja alikuwa hajui aanzie wapi." Akatabasamu. "Kesho nakuja na wenzangu, tumalizie."

Akatoka. Picha kumi na moja zilikuwa bado, na bila namba hakuna kazi. Phelister aliitazama milango, mmoja baada ya mwingine. Kisha akaenda kwa Rukiah kuazima mafuta ya taa, yake yalikuwa yamekwisha. Rukiah akampa nusu chupa, hakuuliza ya nini.

Alifuta namba mpaka magharibi, akianzia ya thelathini. Rangi ilichuruzika mpaka kwenye vizingiti.

Mwenye daftari alirudi kesho yake na wenzake, jumla watu wanne. Walizunguka, wakabishana kumi na nne ni ipi, wakatoka uani wakisema safari ijayo watakuja na rangi yao wenyewe. Lakini gari lao likabaki limeegeshwa barabarani, vioo vimepandishwa.

Ijumaa Phelister alituma picha kumi na tisa, na mstari mmoja: namba nimezifuta mwenyewe, watu wanaishi humu. Jibu halikuja. Gari lilikuwa bado pale.

Akanunua mafuta ya taa, akampelekea Rukiah nusu chupa yake. Rukiah aliitazama, akairudisha mkononi mwa Phelister.

"Kaa nayo, Mama Byron. Yale yalikuwa ya milango yetu. Sikudai."