Fataki Kwenye Meza ya Mahari

Jamani, kuna watu wa Louisville ambao mpaka leo nikikutana nao kanisani nainama nijifanye nafunga kamba za viatu, hata siku ambazo viatu vyenyewe havina kamba. Bora mkisikie kisa hiki kwangu, maana wengine wamekwisha kukitia chumvi.

Ilikuwa 2014, nafanya kazi kwenye ghala moja huko Gahanna, pembeni ya jiji la Columbus hapa Marekani, chini ya msimamizi mzee wa Kimarekani aitwaye Gary, ambaye ndiye aliyenifundisha kuendesha gari kwa gari lake mwenyewe (nililigonga, akanyamaza). Gary ni mwindaji wa paa, na risasi hanunui, anaokota maganda yaliyokwisha kupigwa na kuyajaza upya. Mwaka ule baruti alikuwa nayo, maganda anayo, ila fataki hakuna, vile vidude vidogo vinavyokaa kwenye kitako cha risasi kuiwasha. Columbus nzima alikuwa ameshazunguka. Aliposikia naenda Louisville kupeleka mahari ya mdogo wangu Bahati, akaniomba nipitie duka moja la huko, akanikaririsha kama mtoto wa shule, za bunduki, zile kubwa, usije ukaniletea za bastola.

Mtu kama huyo humwambii hapana. Taabu ilikuwa mke wangu Furaha, ambaye tangu tutoke Kivu alisema kitu cha bunduki hakitaingia kwetu, hata kiwe cha kuchezea. Basi tulipoingia Louisville nikaegesha gari, nikamwambia nashuka kutafuta dawa ya kichwa. Mle dukani jasho lilinitoka, nikiwaza kwamba mkimbizi mwenye Kiingereza changu akitaja bunduki ataitiwa polisi, kumbe muuzaji alipiga miayo tu akauliza kubwa au ndogo, na mimi nikasema ndogo, hapana, kubwa, ndogo, mpaka akanihurumia akaniuliza ni za kuwindia nini. Nikasema paa. Akanipa kisanduku cha zile kubwa.

Kosa lenyewe nililifanya tulipofika kwa wakwe. Jua la Agosti lilikuwa kali, na nikaogopa kuziacha garini zisije zikalipuka. Karatasi ya zawadi ilikuwa imebaki, nikakifunga kile kisanduku ili Furaha asikitambue, nikakibana kwapani. Sasa ninyi mnajua desturi yetu, siku ya mahari mgeni haingii na kitu mkononi, kila kilichofungwa kinapokelewa mlangoni na kwenda mezani. Dada wa bibi harusi akakishika. Nikavuta kidogo, naye akavuta akitabasamu, watu wanatutazama, nikaachia.

Mimi ndiye niliyesimama mahali pa baba yetu, tuliyemzika kule nyumbani. Mimi ndiye niliyepaswa kumwombea Bahati mke na kupokea jibu, hotuba nimeifanyia mazoezi njia nzima, na sasa sikumbuki hata neno la kwanza. Shangazi yao anafungua zawadi moja moja na kuitaja kwa sauti, kitenge cha mama, koti la baba, blanketi, na mimi naomba Mungu umeme ukatike (Marekani!). Akafika kwenye kisanduku, akakigeuza, akampa baba mkwe asome.

"Bon," baba mkwe akasema polepole, "hii ni vitu ya bunduki. Nani alileta?"

Mama wa binti aliinuka akaenda jikoni, tukasikia maji yanamwagika tu. Nikaeleza yote, Gary, paa, jua, mpaka habari ya kugonga gari, ambayo hakuna aliyeiuliza. Hakucheka mtu. Bahati alikuwa anatazama zulia.

Furaha ndiye aliyesimama. "Baba, kosa ni ya bwana yangu. Hata mimi alinificha. Bahati hana kosa."

Baba mkwe akanirudishia kisanduku kwa mikono miwili. "Hii vitu tuliikimbia na miguu, watoto mugongoni. Peleka mbali. Kisha tutaongea, lakini bila weye."

Nikatoka. Mbali ni wapi, sikujua, na garini joto, basi nikawasha kipoza hewa nikakaa na fataki za Gary mapajani, nikikodolea macho pazia la dirisha lao. Mjomba wetu wa Buffalo, aliyekuja kwa ajili ya sombe na nyama tu, ndiye aliyepewa kusema mahali pangu. Moyo uliniuma, nikawaza wakimkataa Bahati nitamtazamaje, na nitamwambia nini marehemu baba. Walikawia mno. Halafu nikasikia vigelegele, na hapo nikalia, nikapiga makofi peke yangu, taratibu, kwa kuogopa kile kisanduku.

Gary alizipata fataki zake, na nilipomweleza habari ya jua alicheka hadi akakaa chini, akasema jua haliwezi kuzilipua. Mimi tangu siku ile sibebi mzigo wa mtu ambao siwezi kuutaja mbele ya mke wangu, awe amenifundisha gari au ndege. Bahati amekwisha kunisamehe. Ila watoto wake wakiuliza ni nani aliyemwombea mama yao, wanatajiwa mjomba wa Buffalo, na mimi nipo pale pale, naitikia kwa kichwa.