Miche ya Mukula Katikati ya Njia ya Lori

Niliondoka Katuba, mtaa wetu wa mjini, kwa sababu ya ujumbe wa shangazi yangu, Tantine Filo, kwenye simu. "Gode, kuya. Bale ba kukata miti banarudi na lori mu musitu wetu juma hii. Iko karatasi ya Kifaransa, hapa hakuna muntu wa kuisoma muzuri. Weye unajua Kifaransa ya biro ya serikali."

Kazi yangu ni kuandikia watu barua kwenye kibanda karibu na soko. Na msitu aliousema naujua: uko nyuma ya kijiji cha baba, upande wa Mitwaba. Wazee wetu wamezikwa humo, na tangu zamani hakuna aliyethubutu kuukata. Mume wangu aliniuliza nitawafanya nini watu wenye misumeno ya mashine. Nikamjibu sijui, lakini naenda.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa juu ya magunia ya saruji katika lori la mfanyabiashara. Mpaka Likasi, lami. Baada ya Likasi, matope ya mvua za kwanza. Magunia ya makala, yaani makaa ya kupikia, yalipangwa kando ya barabara, na nyuma yake, mahali nilipoona miombo nikiwa msichana, palikuwa na anga tupu. Nilikasirika, nikakumbuka kwamba nami napikia makala hayo. Hasira haikupungua. Siku ya pili tulisukuma lori mara tatu, na jioni pikipiki ikanifikisha kijijini.

Tantine hakuningojea nioge. Alinipeleka moja kwa moja msituni, kwenye njia mpya ambayo wakataji walikuwa wameifungua. Visiki kumi na vinne vya mukula, mti wa mbao ghali, vilikuwa vikitoa utomvu mwekundu kama damu. Njia yenyewe ilikuwa imebakiza hatua chache kufika makaburini.

Uani kwake nikakuta miche ya mukula ndani ya sachets za maji, vile vifuko vya plastiki, safu kwa safu. Alikuwa ameiotesha kwa mbegu za msitu ule ule.

"Nilitaka kuipanda kando kando," akasema. "Sasa tutaipanda mu njia yao."

Asubuhi iliyofuata tulikuwa wanawake kumi na tisa na wanaume wanne. Tulichimbua njia ile kwa majembe, tukapanda miche, tukatandika majani makavu juu ya udongo. Lori lilipofika adhuhuri halikukuta njia. Lilitukuta sisi, tumeketi kati ya miche.

Mnunuzi wa magogo alishuka pamoja na chifu wetu, karatasi mkononi.

"Bamama, tokeni. Chifu alitia sahihi."

"Basi unipe nisome," nikasema.

Akanipa, akidhani nitaishia kuikodolea macho. Nikaipiga picha kwanza, kisha nikaisoma kwa sauti, sentensi moja kwa Kifaransa, moja kwa Kiswahili. Iliruhusu kukata miti yote, mpaka mtoni.

Chifu akashika kichwa. "Miye baliniambia ni miti ya kukauka tu!"

"Sahihi ni sahihi," mnunuzi akafoka, akaninyang'anya karatasi. Akamgeukia dereva: "Pita!"

Tantine Filo hakuinuka. "Pita, mutoto wangu. Anzia kwangu."

Dereva akazima mashine. "Patron, miye sipite juu ya bamama."

Lori lilirudi nyuma, tupu, huku mnunuzi akitutishia polisi; chifu alibaki nasi. Jioni ile niliandika barua ya chifu ya kukana sahihi yake, nakala tatu, naye akatia kidole mbele ya kijiji kizima.

Nilipofika Katuba, barua moja niliipeleka mwenyewe kwenye ofisi ya mazingira. Bado hawajajibu. Jirani yangu aliniuliza: "Na bakirudi?"

Watarudi, najua. Mukula unakua polepole, na mimi sitaketi kamwe chini ya kivuli cha ile niliyoipanda. Safari ile imenifundisha kwamba hilo si sababu ya kuwaachia msitu. Nilimjibu: "Batatukuta."