Se-rim na Mchango wa Kipimo cha Kome

Maeng Se-rim hakupewa kazi ya kutafuta fedha za timu kwa sababu ya ufasaha wake. Siku ya kikao jino lilimtesa, akaenda kwa daktari, na asiyekuwepo na lake halipo. Aliporudi shavu limevimba, wenzake walikuwa wameshagawana kazi nzuri zote. Aliyebakiziwa kuomba watu pesa alikuwa yeye.

Walikuwa sita, wanafunzi wa baiolojia katika chuo kidogo cha Tongyeong, mji wa chaza na kome kwenye pwani ya kusini ya Korea. Kila majira ya kuchipua bahari inapoanza kupata joto, kome wa huko hushika sumu ambayo haionekani, hainuki, wala haifi hata ukiwachemsha kutwa. Serikali hupima, na wafugaji hukaa mikono kifuani wakisubiri majibu. Timu ilikuwa inatengeneza kikaratasi ambacho ukikitonesha maji ya kome mwenye sumu, kinageuka buluu. Walitaka kukipeleka Paris wakati wa vuli, kwenye mashindano ya wanafunzi wa dunia nzima. Chuo kiliwapa maabara na baraka. Ada, nauli na kemikali walizopungukiwa, wakaambiwa wajitafutie.

Se-rim sasa alikuwa na ugonjwa wake. Aliogopa simu. Si simu yenyewe, maana alilala nayo, aliogopa kuipokea. Ikilia, aliifunika kwa mto mpaka inyamaze, halafu anaandika ujumbe kwamba samahani, hakuisikia. Kuku wa kukaanga alimwagiza kwa kubonyeza, na siku duka lilipompigia kuuliza njia, aliona bora alale njaa. Mama yake, mpishi wa shule, alizoea kuwaambia dada zake kwamba amezaa samaki.

Kwa hiyo aliandika barua pepe. Aliandika kwa kampuni za dawa, za vyakula, za vipodozi, hata ya matairi. Nyingi hazikujibu. Zilizojibu zilimtakia kila la heri.

"Hizo heri tukizikusanya tunaweza kufungua duka," alisema Tak Gyeong-min, kiongozi wa timu. Alikuwa kijana mwepesi wa maneno, amemzidi Se-rim miaka miwili, na kila mtu chuoni alimwita kaka. "Se-rim, barua haina macho. Piga simu."

Alichukua wiki nzima kujikaza. Aliandika kwenye karatasi kila neno atakalosema, hata mahali pa kupumua, akajifungia kwenye chumba cha friji za maabara ambako hakuna wa kumsikia. Alimpigia muuzaji wa kemikali za maabara, bwana mmoja aitwaye Do. Alisoma karatasi yake mwanzo hadi mwisho bila kusimama, na palipoandikwa "pumua" akapasoma pia.

Kule upande wa pili mtu akaanza kucheka, cheko la mtu aliyechoka ambaye hakutegemea kucheka siku ile.

"Binti, pumua basi," alisema Bwana Do. "Pesa sina. Bosi wangu hata penseli anazihesabu. Ila nina kemikali zinazokaribia mwisho wa muda wake, na kuzitupa ni kazi. Niambie mnachotumia."

Akamtajia. Siku chache baadaye sanduku la barafu likafika, na ndani yake Bwana Do alikuwa ameweka pakiti ya biskuti. Se-rim alijifunza jambo moja ambalo barua zake zote hazikumfundisha: usimwombe mtu asichonacho. Kila mtu ana kitu, kazi yako ni kukijua.

Ndivyo alivyokwenda kwa Gu Pan-seok, mwenyekiti wa ushirika wa wafugaji wa kome na chaza. Alikuwa mzee mfupi, shingo nyekundu kwa jua, sauti kama ya mtu anayezungumza na boti ya mbali. Alimsikiliza Se-rim akiwa amesimama katikati ya banda la kubangulia chaza, wanawake wamepanga mstari wakibangua magamba bila kuinua macho, lakini masikio yote yakiwa kwake.

"Ushirika hauna pesa ya watoto kwenda kula mikate Ufaransa," alisema mzee Gu. "Kome ninao. Chukueni mnaotaka, wa kila wiki, wenye sumu na wasio na sumu."

Hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko pesa, kwa sababu bila kome halisi wangepima nini? Se-rim aliinama mpaka nywele zikagusa magoti. Kwa kushukuru, alimwachia mzee kikasha cha vikaratasi, akamweleza namna ya kuvitumia. Hakumweleza kwamba vilikuwa bado vinakosea. Si kwamba alificha. Aliona haya, na wabanguaji wale walikuwa wanamsikiliza.

Fedha zilizobaki walikubaliana kuziomba kwa umma, kwenye ukurasa wa michango mtandaoni. Mchango usipofikia lengo hadi siku ya mwisho, kila mtu anarudishiwa chake. Anayechangia hupewa zawadi, nao wakachagua soksi nene zenye picha ya bakteria waliyemtumia kukitengeneza kikaratasi. Mchoraji alikuwa Se-rim. Bakteria alitoka mnene, amejikunja, na watu mtandaoni wakauliza kama hiyo ni timu ya wapika soseji. Soksi zikapendwa kwa ajili hiyo hiyo. Maneno ya ukurasa aliyaandika Gyeong-min, na hapo kwenye maelezo ya kikaratasi akaandika: hakikosei.

"Kaka, kinakosea," Se-rim alimwambia.

"Mpaka vuli kitakuwa hakikosei. Nani anachangia kitu cha labda labda?"

Se-rim akaliacha neno lile lilivyo. Ukurasa ukafunguliwa, na michango ikaanza kupanda vizuri kuliko walivyotarajia.

Jumapili moja mchana simu yake ikalia. Jina lilikuwa la mzee Gu. Mkono ulishakwenda kwenye mto, lakini akakumbuka wema wa mzee, akapokea.

Mzee alikuwa na furaha, na nyuma yake kulikuwa na kelele za watoto na sahani. Mama yake alikuwa anatimiza miaka tisini, ukoo mzima umekuja. Majibu ya serikali kuhusu ghuba yake yalikuwa bado, lakini amepima mwenyewe kome wake kwa kikaratasi cha Se-rim. Kimebaki cheupe, basi kome wako jikoni.

"Nimekupigia nikushukuru, mwanangu."

Se-rim aliinuka na simu sikioni. Safari hii hakuwa na karatasi ya kusoma.

"Mzee, usiwape watu. Mwaga."

"Nimwage nini? Ukurasa wenu unasema hakikosei. Mjukuu wangu amenisomea."

"Ukurasa umesema uongo, mzee. Kinakosea. Juzi tu kilibaki cheupe kwenye kome tuliojua wana sumu. Nilijua, sikukuambia. Mwaga, tafadhali."

Simu ikakatika.

Akampigia tena. Haikupokelewa. Akapiga tena na tena, yeye aliyekuwa akiogopa hata mlio wake. Mwishowe alivaa viatu bila soksi, akapanda basi la ufukweni, na njia nzima alikuwa akiwaona watoto wale wasiojulikana, midomo imekufa ganzi, pumzi zinakatika, maana ndivyo sumu ile inavyofanya.

Alipofika, watu walikuwa wamekaa sakafuni kuzunguka meza ndefu, wanakula nguruwe wa kuchemsha na kabichi. Kwenye kona ya ua palikuwa na ndoo, imejaa kome hadi mdomoni, wanafuka moshi bado. Se-rim aliiona ndoo ile, akachuchumaa pale pale na kulia.

Mzee Gu alitoka, uso umekunjamana. Alimkaripia kwa ile sauti yake ya baharini: kwamba nusura awaue watu wake kwa mkono wake mwenyewe, kwamba elimu isiyosema ukweli ni kheri ujinga, kwamba yeye mzee mzima amedanganywa na kikaratasi. Se-rim hakujitetea. Mzee alipoishiwa maneno, alimtazama miguuni.

"Umekuja bila soksi na hizo soksi mnaziuza nyie," alisema. "Ingia ule."

Bibi wa miaka tisini mwenyewe ndiye aliyemtilia supu ya mwani, akimwuliza ameolewa na nani katika ukoo huu.

Siku mbili baadaye majibu ya serikali yalitoka. Ghuba ya mzee Gu ilikuwa na sumu.

Se-rim hakusubiri kikao. Aliingia kwenye ukurasa, akafuta neno lile, akaandika kipimo kinakosea mara ngapi na kwa kome wa namna gani, na kwamba mtu asikitumie kuamua chakula. Akawaandikia wote waliochangia kwamba anayetaka kujitoa ajitoe bila kuona haya. Wengi walijitoa. Michango ilishuka kama maji ya bwawa lililozibuliwa.

Gyeong-min alimfokea mbele ya wenzake, akasema ameuza jasho la timu nzima kwa mzee mmoja. Se-rim akamsimulia juu ya ndoo. Gyeong-min akatoka nje. Siku kadhaa hawakusemezana.

Zilizookoa jahazi ni soksi. Mzee Gu alizitaja bandani, na wabanguaji, ambao husimama kutwa nzima ndani ya mabuti kwenye sakafu ya maji baridi, walitaka kuziona. Wakazipapasa. Nene. Wakazitaka. Lakini ukurasa ule uliwashinda kuufungua, na mzee akawapa namba ya Se-rim.

Walimpigia wote, mmoja mmoja.

"We mtoto wa soseji, nimebonyeza, imeniuliza jina la siri. Siri gani sasa, mimi na wewe tuna siri?"

"Si jina la siri, mama mdogo, ni namba umetumiwa kwenye ujumbe."

"Ujumbe nimeufuta. Nilidhani ni matapeli."

Aliwaelekeza mpaka sauti ikamkauka. Wakawaambia dada zao wa mabanda mengine, nao wakapiga. Kati ya waliojitoa, baadhi walirudi, mmoja akiandika kwamba hajawahi kuombwa radhi kabla ya kuumia. Siku ya mwisho lengo lilifikiwa, kwa kuponea chupuchupu.

Lakini baada ya kulipa ada na soksi, fedha zilitosha nauli ya watu watatu tu. Kikaoni Gyeong-min alisimama wa kwanza, akasema yeye atabaki.

"Neno lile niliandika mimi," alisema akitazama meza, "Se-rim ndiye aliyelibeba. Aende yeye."

Se-rim alikataa, wenzake wakamzomea mpaka akakubali. Jioni ile Gyeong-min alimnunulia wali wa chaza, wakala, na ugomvi wao ukawa umekwisha.

Walirudi kutoka Paris na medali ya shaba. Se-rim aliipeleka bandani ikiwa shingoni, kwa sababu wabanguaji walimwamuru. Mzee Gu aliishika, akaipima uzito kiganjani.

"Si dhahabu?"

"Si dhahabu, mzee. Waamuzi walituuliza kama kipimo hakikosei, nikawaambia kinakosea, ila kidogo kuliko zamani."

"Vizuri," alisema mzee, akimrudishia. "Kwenye boti zetu tunafunga shaba. Dhahabu sijaona mtu akiifunga."

Kisha akamwonyesha kapu lililokuwa pembeni, kome wa wiki ile, akamwambia awachukue, wenzake wanamngoja maabara.