Koki ya Shaba Niliyompelekea Dada wa Masama

Jumatano asubuhi nilikuwa nje ya duka nasimamia upakiaji wa mabati simu ilipoita. Mwanamke nisiyemjua akaniambia kwamba dada yake wa Masama, kule mlimani Kilimanjaro, yule muuguzi mstaafu aliyeweka bahari sebuleni, alilala na hakuamka, na mazishi ni Jumamosi. Nikasema pole, nikakata, nikaendelea kuwagombeza wapakiaji kana kwamba nimepewa habari ya saruji kupanda bei. Lakini ile simu sikuishika tena mpaka jioni, na sababu yake naijua mwenyewe. Leo nawaambia na ninyi.

Wasomaji wangu mnanijua, sina haya ya kujisifu. Nisipojisifu mimi, nani atanisifu? Nimeishia darasa la saba. Nilianza kwa kuokota misumari iliyopinda, nikiinyoosha kwa jiwe na kuiuza kwenye soko la Kwa Sadala, na leo nina duka la vifaa vya ujenzi Moshi mjini ambapo mainjinia wenye vyeti vyao huja kuniuliza mimi. Dada huyu naye aliingia dukani siku moja, nikampa shikamoo yake, akauliza kama nina silikoni isiyotiwa dawa ya kuua kuvu. Swali hilo sikuwahi kuulizwa na fundi yeyote. Nikamuuliza anaziba bafu gani. "Bafu la samaki, mdogo wangu," akajibu. "Magoti yangu hayawezi tena kushuka Tanga. Basi nimeamua Tanga ipande Masama." Alipokuwa msichana alifanya kazi ya uuguzi huko miaka michache, na siku moja maji yalipokupwa alitembea juu ya mwamba akaona matumbawe yakiwa hai. Kisha mama yake akaugua, akahamishia kazi hospitali ya nyumbani ili awatunze mama na ng'ombe, na bahari ndiyo ikawa basi. Mama alipokufa, binti mwenyewe alikuwa keshazeeka. Sasa alitaka kitu kimoja tu: alione tumbawe likikua mbele ya macho yake hadi lifike ukubwa wa ngumi.

Nilipanda kwenda kutazama, maana nilidhani mama wa watu amechanganyikiwa. Wapi! Alikuwa ameunganisha tangi kwa vioo vya kabati la duka la mikate lililofungwa. Maji ya bahari yaliletwa kwa madumu na dereva wa lori aliyekuwa jirani yake. Umeme ukikatika, betri ya gari iliendesha kipampu cha hewa, na Julai baridi inapouma alilivisha tangi blanketi. Wiki sita nzima ndani mlikuwa na mawe na maji tu, eti maji yakomae kwanza ndipo viumbe waingie. Majirani wakija kunywa chai walimtania: "Dada, wenzako tunafuga kuku, wewe umefuga mawe! Yanataga lini?" Naye anacheka, anawaambia subirini. Siku hiyo nilimkuta akiongeza maji ya mvua, nikamkosoa kwamba anaipunguza chumvi. "Chumvi hairuki hewani, mdogo wangu," akasema. "Yanayopanda ni maji, basi yanayorudi ni maji." Nikamshikia ndoo amalizie. Si mara nyingi mimi kufundishwa.

Baadaye wakaja samaki wawili wenye milia, konokono wa kusafisha kioo, na vipande vinne vya tumbawe vidogo kama ukucha, kutoka kwa mfugaji mwenye kibali huko Tanga. Alivitunza kama watoto njiti wa wodini. Mwaka ulipokaribia kwisha, kipande kimoja kilikuwa kimefikia punje ya maharage. Alinipigia simu kwa ajili hiyo tu, sauti yake ikiruka kama ya binti aliyefaulu mtihani. Nikapanda tena kuona. Na hapo ndipo nilipoona bomba la pampu linavuja kwenye kiungio, amelifunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Ilinichoma. Mteja wangu mimi, afunge bomba kwa tyubu? Kesho yake nikampelekea koki ya shaba na viungio vyake, mali nzito, na nikamfungia kwa mikono yangu bila malipo. Aliigusa ile koki, akaniuliza, "Haitawadhuru?" Nikamwambia, "Dada, mimi nimeuza koki zaidi ya miaka ishirini. Hii haishiki kutu hata ukiizika." "Kutu sawa. Nakuuliza hawa." "Hawa nao watakushukuru." Akaniamini. Naona hata sasa alivyoondoa mkono wake, akanipisha nifunge.

Haikupita wiki tatu akapiga. Konokono wameanguka kutoka kwenye kioo, matumbawe yamejifunga, yamekuwa meupe. Nikamuuliza samaki je? Wapo, wanaogelea. "Basi kama samaki wapo, maji ni mazima," nikasema, na nikaamini nilichosema. Wiki ileile alikuja dukani mteja mmoja wa Tanga, mjenzi wa mabwawa, nami nikawa namsimulia kwa majivuno jinsi nilivyomfungia mama mmoja wa mlimani koki ya shaba kwenye maji ya bahari. Yule bwana akaweka chini kikombe cha kahawa. "Shaba, mzee? Samaki huweza kuivumilia. Wengine wote umewapa sumu, na mawe yameshainywa, haitoki tena." Nikamwambia anunue alichofuata aende zake. Tangu siku hiyo nilijua. Dada alipopiga tena nikasema niko Arusha. Alipopiga mara ya tatu sikupokea. Ikapita miaka miwili.

Jumamosi tulimzika kihambani kwao, kwenye shamba la ukoo, migomba ikidondosha maji ya mvua ya alfajiri juu ya makoti yetu. Nilipoingia sebuleni kutoa pole nilisikia pampu kabla ya kusikia watu. Tangi lilikuwa linafanya kazi. Mawe yako palepale, matupu, na samaki mmoja tu amebaki, mwenye milia, akaja kwenye kioo akasimama mbele ya uso wangu. Nikasogea kushoto, naye akasogea. Mdogo wa marehemu, yule aliyenipigia simu, alikuwa ananitazama. "Wewe ndiye wa koki?" Nikasema ndiyo. "Alijua mwezi uleule. Aliing'oa mwenyewe kwa spana. Mimi nilitaka nikupigie nikutukane, akanikataza. Akasema, 'Muache. Mjuaji hukosa kama sisi, ila hukawia kufika. Atakuja na isale lake mwenyewe.' Kila gari likipunguza mwendo pale barabarani alikuwa akisema huyo ndiye." Kwetu Uchagani mtu aliyekosa hukata jani la isale, analifunga fundo, analipeleka kwa aliyemkosea, na aliyeletewa hawezi kukataa kusamehe. Yaani msamaha wangu ulikuwa unaningoja kwa miaka miwili. Kilichokosekana ni mimi kwenda kuuchukua.

Tangu hapo nawaza sana kazi yetu hii ya kuuza. Pita mjini kwetu leo, duka hadi duka, ofisi hadi ofisi, utafute mtu anayesema "sijui". Hutampata. Tumefundishana kwamba mteja hununua uhakika kwanza, bidhaa baadaye, nami nimejenga nyumba kwa uhakika huo. Mwenzangu aliyesoma akikosa, ana cheti cha kujificha nyuma yake. Mimi ngao yangu ilikuwa kutokosea. Ndiyo maana niliogopa jani kuliko nilivyowahi kuogopa njaa.

Jumatatu nilikata isale, nikalifunga fundo, nikapanda Masama peke yangu. Mdogo wa marehemu alilitazama, hakunyoosha mkono. "Lingekuwa langu ningepokea," akasema kwa upole. "La kwake mimi sina ruhusa ya kulipokea." Akanikaribisha mtori wa ndizi, nikala, bakuli mkononi na jani mapajani. Pampu ilinguruma nyuma yangu, sikugeuka.

Jani hilo liko ndani ya gari, mbele ya usukani. Limekauka, na fundo halijafunguka. Wasomaji wangu, kama kuna mtu unamkwepa kwenye simu, mpigie kabla hujamaliza kusoma gazeti hili. Kosa nililolifanya kwa kutojua, dada alikwisha kunisamehe kabla sijaomba. Hili la pili, la kujua na kunyamaza, hajabaki mtu wa kunipokelea isale.