Papa Mugisho, mutu wa Mudaka aliyesahihisha bahari ya barafu

Nimesoma ujumbe wa binti yake mara tatu, na kichwa kinaukataa mara tatu. Papa Mugisho hayuko tena. Ametutoka jana asubuhi, baada ya kunywa chai yake, bila kusumbua mtu.

Ninyi mnaonifuata hapa mlimjua kama yule muzee aliyemsahihisha padri katikati ya matangazo. Mimi nilimjua tukiwa vijana, wakati wa Wabelgiji, miaka miwili mitatu kabla ya uhuru.

Tulifanya kazi pamoja mu labo, maabara ndogo kando ya ziwa, hapa Bukavu. Docteur wetu alikuwa Mubelgiji kijana, mrefu, na mazungumzo yake yote yalikuwa barafu. Tulimwita Bwana Barafu. Sidhani alijua. Labda alijua.

Siku moja zikafika sanduku za mbao, ndani tube za vioo, ndani ya tube matope. Yalichotwa chini ya bahari ya kusini kabisa, kule kusikokuwa na mtu. Siku zote vitu vilitoka kwetu kwenda Ulaya. Ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona wameleta kitu, na kilikuwa matope.

Mama ya Mugisho alishangaa: “Banakuajiri uoshe matope? Sasa ya hapa Mudaka ina kosa gani?”

Mugisho akamweleza vizuri kuliko Docteur. “Maman, ukipita nyuma ya nyumba ya mutu, ukiona maganda ya maharagi ao mifupa, unajua alikula nini. Bahari nayo inatupa takataka yake chini.”

Takataka yenyewe ilikuwa maganda ya viumbe vidogo kuliko vumbi. Docteur aliviita diatomée, Mugisho aliviita visahani. Kuna aina inayopenda barafu, kuna aina inayoikimbia. Matope ya chini zaidi ni ya zamani zaidi. Unahesabu, unajua bahari ilisikia baridi kiasi gani kabla hata babu wa babu yako hajazaliwa.

Kuhesabu ilikuwa kazi ya Docteur peke yake. Sisi tulikuwa wa kuosha vioo. Mikroskopi tuliruhusiwa kuipangusa tu. Mugisho aliipangusa muda mrefu sana!

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo ninapoingia, na siingii vizuri.

Matope yalitakiwa kuoshwa kwa maji ya mashine, yaliyochemshwa yakadondoka tone kwa tone. Ile mashine ilikuwa na uvivu wa chef de poste, yule mkubwa wa ofisi ya serikali. Mimi nikawa ninajaza chupa kwa kopo, maji ya ziwa, nachuja kwa kitambaa safi. Kwa macho yangu maji yalikuwa maji.

Juma lile Docteur akaanza kuimba. Amekuta mu matope ya zamani kabisa maganda marefu kama shindano ya kushonea nguo, ya maji yasiyo na chumvi. Akasema barafu yote ya kule iliwahi kuyeyuka, mito ikatiririka. Akaandika barua kwa wakubwa wake Ulaya. Ndege ya kuipeleka ilikuwa ya kesho yake.

Mugisho akanivuta nyuma ya labo.

“Ile shindano ya Docteur, miye nayo niliiona.”

“Wapi?”

“Mu maji ya kopo yako.”

“Ndugu, ukisema, nitafukuzwa. Na weye watakuuliza nani alikuruhusu kuangalia.”

“Nikinyamaza, bahari nzima itakuwa ya uongo.”

“Bahari haina watoto, Mugisho. Miye niko nao wawili!”

Akarudi ndani. Alikuwa na ubaya huo: ukimshinda kwa maneno, alikuwa ameshaamua.

Asubuhi akaweka kioo chini ya mikroskopi, akasimama kando na kitambaa chake. Docteur akainama.

“Voilà! Nyingine! Mbili... nne! Hii ni tube gani?”

“Haiko tube, Docteur. Haina matope. Ni maji yetu, tupu.”

Masikio ya Docteur yakawa mekundu, kisha meupe. “Nani alikuruhusu kuangalia?”

“Hakuna, Docteur. Nilikuwa ninapangusa.”

“Na haya maji, nani aliyaleta?”

Nilikuwa mlangoni na kopo mkononi. Nawaambia, kopo linaweza kuwa zito kama ng’ombe.

Mugisho hakugeuza hata shingo. “Maji iko kosa ya labo, Docteur. Labo ni sisi batatu. Lakini barua ingali hapa.”

Docteur akaangalia barua. Kwa mara ya kwanza nilimwona mzungu akihesabu ni watu wangapi wangemcheka Ulaya. Akaichana vipande vinne.

Kisha akavuta kiti chake mwenyewe, kile cha ngozi, akamwambia Mugisho: “Kaa.”

Akakaa! Mudaka nzima ilikaa siku ile, na Kabare yote, na mimi na kopo langu.

Tulirudia tube zote, kwa maji ya ile mashine mvivu. Miezi mizima Mugisho akihesabu, Docteur akiandika. Shindano zikatoweka. Wakakuta kinyume kabisa: zamani vile visahani vya barafu vilijaa tele, maana yake barafu ilitambaa mbali mpaka juu ya maji ambayo sasa meli zinapita. Kazi ilipochapwa, jina lake lilikuwa juu, karibu na la Docteur, jina zima la ubatizo na la nyumbani.

Aliwafundisha wengine ile kazi mpaka macho yakachoka. Na miaka yote hiyo, kwenye arusi, kwenye kilio, kwenye kasiksi, pombe yetu ya ndizi, hakumwambia mtu nani alishika kopo.

Basi ninasema mwenyewe, mbele yenu wote: ni mimi.

Mugisho wangu, kosa lilikuwa langu, bahari ni yako. Ulale vizuri, ndugu.